Nilifika Kibo

Alhamisi, tarehe 12 Agosti 2004, kipindi cha tatu asubuhi, mtu mmoja aliyevaa shati la kitenge na viatu vilivyofumuka vidoleni alisimama mbele ya darasa la tano katika shule moja ya msingi ya kata ya Ruponda, wilayani Nachingwea, akasema: "Nilifika Kibo." Jambo hili limethibitishwa. Limeandikwa katika kitabu cha matukio cha shule siku ile ile, na watu wanne waliokuwamo chumbani, niliowahoji kila mmoja peke yake, wanayakumbuka maneno hayo mawili bila kutofautiana hata kwa silabi moja.

Nilikwenda Ruponda miaka ishirini baadaye kwa shughuli nyingine. Nilikuwa nikikusanya masimulizi ya wazee juu ya reli iliyojengwa kwa ajili ya mashamba ya karanga, kisha ikang'olewa. Nilielekezwa kwa Mwalimu Kaimu kwa sababu, niliambiwa, yeye hatupi karatasi. Alinionyesha karatasi zake kwa siku moja nzima. Siku ya pili akaniambia kwamba reli ina watu wengi wa kuisimulia, na yeye ana jambo lake ambalo halina msimulizi mwingine.

"Zima kwanza hicho kinasa sauti," alisema. Nilizima. Alinyoosha mikono ya shati. "Haya, washa. Mimi nilikuwa na kijicho. Uandike kijicho, usiandike wivu. Wivu ni wa mtu na mkewe, una heshima yake. Kijicho ni cha mtu na kitu cha mwenzake."

Nimeandika kama alivyotaka.

Kaimu alizaliwa Ruangwa mwaka 1970, mtoto wa nne wa wakulima wa mbaazi na korosho. Nyumbani walizungumza Kimwera. Kiswahili alikikuta darasani, akakipenda kama mtu anavyoipenda nguo ya kwanza aliyoshonewa kwa vipimo vyake mwenyewe. Alisomea ualimu, akapangwa Ruponda mwaka 1996, na hajahama tangu hapo. Mkewe, Zuhra, ana meza ya mchele na dagaa sokoni. Binti yao wa kwanza ni Tunu, ndiyo sababu Zuhra humwita mumewe Baba Tunu, isipokuwa akiwa amemkasirikia, ambapo humwita Mwalimu.

Katika mwaka wake wa kwanza kazini, Kaimu alitengeneza mfano wa Mlima Kilimanjaro kwa udongo wa kichuguu. Una kimo cha goti la mtu mzima. Ubavuni aliupaka majivu, na juu akaupaka chokaa. Kila mwaka, zamu ya somo la milima ilipofika, aliutoa stoo kwa toroli, akauweka juu ya meza, akagonga penye chokaa kwa fimbo na kuuliza: "Hapa panaitwaje?" Darasa liliitika: "Kibo." "Na Kibo ni nini?" "Kilele cha juu kabisa barani Afrika." Hakuwa ameona theluji kwa macho yake, wala hakuona kwamba huo ulikuwa upungufu. Mlima ulikuwa wake. Aliufinyanga mwenyewe, na watoto wote wa Ruponda waliufahamu kupitia mkono wake.

Mtu wa shati la kitenge alikuwa Tomasi. Wazazi wake walivuka kutoka Msumbiji wakalima Marambo, wilaya hiyo hiyo, na huko ndiko alikozaliwa, mwaka mmoja baada ya Kaimu. Mwaka 1997 alipanda lori la korosho hadi Dar es Salaam, akaendelea kaskazini, akaishia Moshi. Alifanya kazi ya upagazi mlimani kwa miaka mitano. Wapagazi wa kule huitana wagumu, na Tomasi bado hujiita hivyo. Alirudi mwaka 2003 kumuuguza mama yake. Mama alipofariki hakuondoka tena. Alifungua kibanda cha kutengeneza baiskeli mkabala na shule. Kaimu na Tomasi waliitana mtani tangu juma la kwanza, na hakuna aliyeweza kunieleza utani huo ulianzaje, maana kila mmoja alidai ni mwenzake aliyemtukana kwanza.

Aliyemwalika Tomasi darasani mwaka 2004 ni Kaimu mwenyewe. Alidhani mgeni atalipamba somo lake. Mgeni alilichukua somo lote. Tomasi alieleza jinsi maji ya kunywa yanavyoganda ndani ya chupa, jinsi kunguru wakubwa wenye shingo nyeupe wanavyoiba mkate, jinsi mtu anavyobeba kilo ishirini na bado akaimba. Watoto hawakutaka kengele ilie. Kufikia mwisho wa mwezi ule wilaya yote, kuanzia Ruponda hadi Kiegei, ilikuwa ikimwita Tomasi kwa jina la Kibo, na yeye akalipaka rangi nyekundu juu ya mlango wa kibanda: KIBO FUNDI BAISKELI.

"Tangu hapo," Kaimu aliniambia, "nikigonga penye chokaa, wanaitika Kibo, lakini macho yako dirishani."

Alihesabu mambo mengi ya namna hiyo, mengine madogo mno hivi kwamba aliyasema akitazama pembeni. Wageni wa wilaya walipokuja kukagua shule walipelekwa kwanza kibandani kusalimiana na Mzee Kibo. Wanafunzi wa zamani waliorudi likizo walimpa Kaimu shikamoo wakiwa njiani, kisha wakaenda kukaa kwa Tomasi. Zuhra naye alikuwa akipeleka baiskeli yake pale, hadi Kaimu alipojifunza kubadilisha spoku mwenyewe ili isipelekwe. Zuhra anakumbuka matokeo yake.

"Tairi lilikuwa linacheza kama mlevi," alisema. "Nikamwambia, Baba Tunu, mimi nina mchele kwenye kapu, sina ugomvi na mtu. Niipeleke kwa Kibo au nitembee kwa miguu. Akasema, tembea. Nikatembea wiki mbili."

Mambo hayo yangebaki hivyo kama si maktaba. Tangu mwaka 2011 Kaimu alikuwa akikusanya vitabu vya shule, akiviomba Ruangwa, Nachingwea na hata Lindi, akivijalidi kwa gundi ya unga wa muhogo. Rafu alizipiga randa yeye. Januari 2023 chumba kilikamilika, na mkutano wa wazazi ukaitwa kutafuta jina. Mwalimu Mkuu, Harithi, mtu mwenye sauti kubwa na moyo mwepesi, alipendekeza chumba kiitwe Kibo, kwa heshima ya mwanakijiji pekee aliyewahi kusimama juu ya Afrika. Wazazi walipiga makofi. Kaimu alikuwa ameketi karibu na rafu zake. Alisimama akaomba jina lingoje hadi Julai.

"Tungoje nini, Mwalimu?" aliuliza Harithi.

"Mwezi wa sita nakwenda mlimani. Huenda kijiji kikawa na wawili waliofika. Itakuwaje tukimpa mmoja chumba na mwingine mlango?"

Watu walicheka wakidhani ni mzaha. Harithi alikubali kungoja. Hivyo ndivyo safari ilivyoanza, na lengo lake halikufichwa kwa yeyote aliyemjua Kaimu: kufika alikofika Tomasi kabla kibao hakijapakwa rangi.

Maandalizi hayo nimeyaona katika daftari lenye jalada gumu ambalo Kaimu alilifungua siku iliyofuata. Watu kumi na mmoja walijiandikisha, walimu na watumishi wa kata. Baada ya Ramadhani walibaki wawili: Kaimu, na Magreti, muuguzi wa zahanati, mjane wa miaka arobaini na minane, ambaye sababu yake ya kwenda ilikuwa moja tu. "Nimechoka kuwaambia watu wengine wapumzike," aliniambia.

Walichagua njia ya Marangu, siku sita, kwa kuwa ina nyumba za kulala badala ya mahema. Kwa simu walimpata mwongozaji wa wageni, Aminieli, mzaliwa wa kule kule Marangu. Walipanga mazoezi. Kila Jumamosi walitembea na mabegi yaliyojazwa mbaazi, wakiyapima kwanza kwenye mizani ya korosho ghalani, naye karani wa ghala akiwauliza wanauza daraja la kwanza au la pili. Aprili, ilipopita Idi, walitembea siku mbili kutoka Nachingwea mjini hadi Ruangwa. Masweta na soksi nzito walizitafuta kwenye mitumba ya mnada. Kwa kuwa hakuna baridi Ruponda, Magreti alibuni kipimo: Kaimu alivaa glavu alizonunua, akashika zile pakiti za barafu za kubebea chanjo, huku Magreti akitazama saa. Glavu za kwanza zilishindwa kwa dakika mbili. Za pili zilivumilia dakika kumi na saba. Daftari lina jedwali la jambo hilo, limepigwa mistari kwa rula.

Katika daftari lile lile kuna ukurasa mmoja ambao mistari yake imeandikwa kwa kukandamiza hadi karatasi ikatoboka. Tarehe yake ni Alhamisi, 27 Aprili 2023. Siku hiyo Kaimu alikuwa nyuma ya ofisi ya walimu, mahali mtandao unaposhika vizuri, akiandika ratiba kama Aminieli alivyokuwa akimsomea. Mazungumzo hayo nimeyapata kwa Kaimu, na Aminieli aliyathibitisha kwa simu.

"Siku ya nne," alisema Aminieli, "mnatoka Horombo asubuhi. Saa nane mchana mko Kibo. Mnakula, mnalala."

"Tunalala kileleni?"

"Kibo, Mwalimu. Kambi. Mita elfu nne mia saba na ishirini. Kuelekea kileleni tunaanza saa sita usiku."

"Kibo ndicho kilele. Nimefundisha miaka ishirini na saba."

"Ni kweli, ule mlima wote wa juu ni Kibo. Lakini sisi tukisema kufika Kibo tunasema ile nyumba ya mawe. Kileleni tunasema Uhuru."

Kaimu aliuliza swali lake kwa utaratibu, kama anayemuuliza mtoto jibu ambalo tayari analo.

"Na wapagazi? Nao wanaanza saa sita?"

"Wagumu? Hapana. Wagumu wanabaki Kibo. Wanawachemshia maji, wanawasubiri mrudi."

Ndipo alipoandika mistari ile. Inasema: *Wagumu wanabaki Kibo.* Chini yake: *Hakufika.* Na chini ya hapo, kwa herufi ndogo: *Miaka kumi na tisa.*

Hakumwambia Zuhra, wala Magreti. Aliishi na jambo hilo siku tisa. Nilimuuliza siku hizo zilikuwaje. Alisema zilikuwa siku tamu kuliko zote za mwaka ule, na kwamba anaona aibu kulisema hilo zaidi ya mengine yote aliyoniambia. Alipita mbele ya kibanda cha Tomasi mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alimsalimia kwa upole. Jumatano alimpelekea baiskeli ya Zuhra.

"Mtani, leo umenikumbuka," Tomasi alimwambia. "Spoku umezifunga wewe hizi?"

"Mimi."

"Basi wewe fundisha tu."

Kaimu alicheka. Aliweza kucheka, kwa sababu alijua Jumamosi inakuja.

Jumamosi, tarehe 6 Mei, mkutano ulifanyika maktabani. Walikuwapo Harithi, Magreti, Zuhra, walimu watano na wazazi wapatao ishirini waliokuja kusikia safari imepangwaje. Tomasi alialikwa kama mshauri, akaja na mikono yenye grisi, akaketi kwenye benchi la mlangoni.

"Mwalimu Kaimu, tusomee ratiba," alisema Harithi. "Polepole, ukikosea Mzee Kibo atakusahihisha."

Kaimu alisoma siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Tomasi alikuwa akitikisa kichwa kukubali kila jina: Mandara, Horombo. Kisha Kaimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Siku ya nne. Horombo hadi Kibo. Kambi ya Kibo. Nasema kambi. Ni nyumba ya mawe yenye vitanda. Kilele kiko juu yake kwa mita elfu moja mia moja sabini na tano. Wageni wanaendelea. Wapagazi hawaendelei, wanabaki pale." Akafunga daftari. "Sasa labda mtani wangu atueleze, yeye alikuwa katika wale wanaoendelea au wale wanaobaki."

Tomasi alikuwa akijifuta vidole kimoja kimoja kwa tambara.

"Tulibaki," alisema. "Mgumu anabaki Kibo. Nani atachemsha maji? Nilifika Kibo mara thelathini na moja, sikuwahi kupita."

Kaimu aligeuka kumtazama Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu alikuwa akimtazama Tomasi.

"Mara ngapi?"

"Thelathini na moja. Nilikuwa nafunga fundo kwenye kamba ya begi. Kamba ninayo."

"Mnasikia?" Harithi aliwageukia wazazi. "Mara thelathini na moja, na mzigo kichwani. Sisi tulikuwa tunamsifu kwa mara moja."

Mtu mmoja wa nyuma alianza kupiga makofi, wengine wakafuata. Kaimu alisubiri yaishe. Hayakuisha haraka.

"Lakini si kileleni, Mwalimu Mkuu. Chumba kinapewa jina la aliyefika kileleni."

"Walioenda kileleni ni wageni. Wageni hao walikula kwa nani?"

"Miaka kumi na tisa ameitikia sifa isiyo yake."

Hapo Tomasi alisimama. Alisema bila kukasirika, na hilo, kwa maelezo ya Kaimu, ndilo lililomuumiza.

"Mtani, mimi nilisema Kibo. Kilele ulisema wewe. Ulikuwa na fimbo yako ile, ukagonga ule mlima wako wa kichuguu, pale pale kwenye chokaa, ukauliza darasa Kibo ni nini. Wakakujibu. Mimi mtu wa darasa la saba, mwalimu amesema na darasa zima limesema, nibishane?"

"Ungeweza kunifuata ofisini."

"Ungenipa kiti?"

Watu walicheka, na hata Zuhra alicheka. Akiwa bado anafuta machozi alisema, kwa sauti iliyofika benchi la mlangoni: "Mwalimu, kaa chini." Harithi aliuliza kama kuna sababu ya kuendelea kungoja Julai. Hakukuwa na aliyeiona. Kibao kilipakwa rangi juma lililofuata, na maktaba ikaitwa Kibo.

Jumatatu asubuhi, kabla ya wengine kufika, Kaimu alifungua kabati la ofisi akatoa kitabu cha matukio cha mwaka 2004. Nimekishika mwenyewe, jalada lake limeliwa na mchwa upande mmoja, kurasa ni nzima. Maandishi ya tarehe 12 Agosti yanasema: *Leo tumetembelewa na Ndg. Tomasi, fundi, ambaye alifika Kibo, yaani kilele cha juu kabisa barani Afrika. Wanafunzi wamefurahi.* Mwandiko ni wa Kaimu. Nimeulinganisha na mwandiko wa daftari la safari na wa maandalio yake ya masomo ya miaka ile, na sina shaka. Neno *yaani* lina mkia mrefu wa herufi ya kwanza, ambao hakuna mwalimu mwingine wa shule ile aliyewahi kuuandika.

"Nilimtengeneza mwenyewe," Kaimu aliniambia. "Kama ule mlima. Nilimfinyanga, nikampaka chokaa, kisha nikamwonea kijicho."

Mtu mwingine angeiacha safari. Kaimu alibadilisha lengo lake. Katika ukurasa wa tarehe 8 Mei, baada ya orodha ya dawa na tochi, kuna sentensi moja: *Nitapita Kibo.* Alikuwa amelisikia neno la Tomasi, kwamba hakuwahi kupita, akaona bado kuna mahali ambapo jina la mtani wake halijafika.

Kilichobaki cha matayarisho alikifanya chini ya mkono wa Tomasi, kwa kuwa Magreti alimtaka Tomasi awafundishe, na alisema wazi kwamba bila hivyo haendi. Jioni tatu kwa juma walikutana kibandani. Tomasi aliwapanga vitu ndani ya mabegi, kisha akavitoa na kuwataka wavipange wenyewe wakiwa wamefumba macho, kwa sababu kule juu, alisema, kutakuwa na giza na akili haitakuwa na haraka. Aliwafundisha kutembea. Somo lilikuwa kutoka kibandani hadi kwenye geti la shule, hatua themanini, kwa dakika nne.

"Unanifanya konokono," Kaimu alilalamika.

"Konokono anafika. Mtani, nisikilize. Mlimani usimpite mtu. Ukimwona mwenzako yuko mbele, mwache awe mbele. Ukianza kushindana na mgongo wa mtu, kichwa kitakulipiza ukifika Kibo."

Magreti aliufuata ushauri huo. Kaimu aliandika maneno hayo daftarini, akayapigia mstari.

Waliondoka Ruponda tarehe 9 Juni, shule zikiwa zimefungwa. Zuhra alimfungia mumewe visheti na sweta la tatu, akamwambia arudi na vidole vyake vyote. Jumatatu, tarehe 12, waliingia lango la Marangu. Ya siku zile nne ninayo kutoka kwa Kaimu, Magreti na Aminieli, na yanapatana. Siku ya kwanza na ya pili zilikwenda vizuri. Siku ya mapumziko, Horombo, Magreti alipanda hadi kwenye miamba iliyo juu ya kambi akarudi akiimba, naye Aminieli akamsifu kwamba ana mapafu ya mzaliwa wa kule. Kaimu alikuwa akinywa chai. Aliisikia sifa hiyo.

Kesho yake, kwenye uwanda mkavu kati ya Horombo na Kibo, alimpita Magreti. Aminieli alimwita. Alipunguza mwendo, kisha akamwona Magreti amemkaribia, akauongeza tena. Alifika nyumba ya mawe dakika ishirini na tano kabla yake. Magreti alipofika alimkuta amekaa kwenye jiwe, uso umekuwa na rangi ya majivu.

"Nilimuuliza, kichwa kinauma?" Magreti alikumbuka. "Akasema, kidogo. Nikamuuliza, kidogo cha mwalimu au kidogo cha mgonjwa? Akatapika."

Kufikia jioni hakuweza kutembea katika mstari ulionyooka. Aminieli alimpima mara mbili, kisha akamwambia kwa heshima yote kwamba yeye hapandi. Asipopata nafuu angeshushwa Horombo mara moja. Kaimu aliomba, kisha akabishana, kisha akaomba tena. Magreti alikaa pembeni yake hadi alipopata nafuu ya kuweza kunywa chai, ndipo alipokwenda kufunga viatu. Ijumaa, tarehe 16 Juni, muda mfupi baada ya jua kuchomoza, Magreti alisimama Uhuru. Ana cheti na picha. Kaimu alikuwa amelala katika jiko la wagumu, kwa kuwa lina joto, na wagumu walikuwa wakichemsha maji.

Walirudi Ruponda siku ya Jumanne. Mapokezi yalifanyika maktabani, chini ya kibao. Harithi aliuliza mbele ya wote: "Haya, Mwalimu, tuambie, umefika?"

Tomasi alikuwa benchi la mlangoni. Kaimu alimtazama, kisha akatazama kibao.

"Nilifika Kibo," alisema.

Watu walipiga makofi. Tomasi naye alipiga, na hakusema neno, ingawa kila mtu niliyemhoji anakiri kwamba alitazamia aseme. Siku chache baadaye alimtengenezea Zuhra tairi, na alipoulizwa gharama alisema kwamba watu wa Kibo hawadaiani.

Jambo la mwisho nimeliona katika kitabu cha matukio cha mwaka 2023. Kaimu ndiye katibu wa shule, na ndiye aliyeandika. Maandishi ya tarehe 20 Juni yanasema: *Mwl. Kaimu na Bi. Magreti wamerejea salama kutoka Mlima Kilimanjaro. Wote wawili wamefika Kibo.* Hakuna neno *yaani*. Hakuna neno *Uhuru*. Nilimwonyesha Magreti ukurasa huo katika zahanati, akausoma akiwa amesimama, akacheka hadi akaweka chini sinia la dawa.

"Kaniteremsha mita elfu moja mia moja sabini na tano," alisema, "kwa kalamu."

Nilimwuliza Kaimu kuhusu maandishi hayo mara mbili, katika mahojiano mawili tofauti. Mara ya kwanza alisema sentensi ni sahihi na hakuna neno la uongo ndani yake, jambo ambalo ni kweli. Mara ya pili aliomba nizime kinasa sauti, na nilipokizima hakusema lolote. Sijui alipoandika *Kibo* siku ile alimaanisha nyumba ya mawe au mahali penye chokaa. Sijui pia kama Tomasi, mwaka 2004, alijua darasa limemwelewaje. Na alichozungumza Kaimu na wagumu katika jiko lile usiku ule, hakuna aliyekubali kunieleza.